Wenye pikapu, pimeni kwanza ndipo mnunue raba za stopa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wenye pikapu wa Mtwara na Lindi, hasa sisi tunaobeba maji wakati wa kiangazi na korosho ukifika msimu. Nataka kuzungumzia kitu kimoja tu, nacho kiko chini ya gari, mahali ambapo wengi wetu hatuinami kupatazama mpaka siku ya balaa. Ni ile raba nyeusi iliyofungwa kwenye chasisi, juu kidogo ya ekseli ya nyuma, moja kila upande. Fundi wangu anaiita stopa, nami nitaiita hivyohivyo.

Mimi ni mjane wa miaka 54, mkazi wa Newala mjini. Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya 2006, kabini moja, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Naiendesha mwenyewe, na kazi yake kubwa ni maji. Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu: Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Ardhi yetu ni mchanga mwekundu, mvua ikinyesha inazama yote, na maji ya kudumu yako chini mabondeni. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, unaliona bonde la Ruvuma lote limetandazwa chini yako, na wewe uko juu na ndoo yako kavu. Ndiyo maana gari la maji kwetu linasubiriwa kama mgeni wa heshima. Mimi nateka upande wa Kitangari, kisha napanda nayo.

Mwezi wa Agosti mwaka juzi nilikuwa napanda na tangi la lita 1000 limejaa pomoni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hiyo tayari ni tani nzima, bado hujahesabu tangi lenyewe, pampu, mimi na mtoto wa mdogo wangu ambaye ndiye utingo wangu. Tulipofika kwenye kalvati moja ambalo udongo wake umeliwa na mvua pande zote mbili, matairi ya mbele yalivuka vizuri, ya nyuma yakaingia. Nilisikia mlio ambao sijausahau, mlio wa nyundo juu ya reli. Kijana alijiuma ulimi, damu ikamtoka mdomoni. Akaniambia kwa taabu, "Mama mkubwa, kuna kitu kimekatika huko nyuma."

Kilichokatika ni jani la pili la springi ya kulia, karibu kabisa na bolti ya katikati. Lakini lililonifundisha zaidi ni lile nililoliona nilipotandika kanga na kujilaza chini. Upande wa kulia stopa haikuwepo. Kilibaki kibati chake na bolti iliyoota kutu, na chini yake, juu ya ekseli, palikuwa na doa linalong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Chuma kilikuwa kikigonga chuma, na si siku ile tu, maana doa la namna ile haliji kwa pigo moja. Stopa ya kushoto ilikuwepo, lakini imepasukapasuka na kuwa ngumu kama kwato.

Fundi alinieleza kazi yake kwa maneno machache. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu inatuliza mdundo. Stopa inapokea pale springi ilipofika mwisho, katika zile sentimita chache za mwisho kabla ekseli haijaifikia chasisi. Anayedaka embe lililotupwa kutoka juu ya mti huurudisha mkono nyuma kidogo. Akiukaza, embe linapasuka na kiganja kinawaka moto. Stopa nzuri ndiyo ule mkono unaorudi nyuma. Pigo ni lilelile, lakini likisambazwa kwenye nafasi ndefu zaidi linapungua ukali, na kinachofika kwenye chasisi, kwenye majani ya springi na kwenye mgongo wa dereva ni kidogo.

Kwa kuwa nilitaka kurudi barabarani haraka, nilikubali dawa ya njiani. Kijana mmoja wa gereji ya pembezoni alikata vipande vya tairi kuukuu, akavipanga vitatu, akavifunga kwa waya. Najua magari mengi yanatembea hivyo. Ndugu zangu, kipande cha tairi kina nyaya za chuma na nyuzi ndani yake, kimetengenezwa kisivutike. Ukikipanga tabaka juu ya tabaka kinakuwa gogo. Tena hakina bolti yake, kwa hiyo kinateleza. Changu kilitoka siku ya nne, kikaenda kukwama karibu na bomba la breki la nyuma. Nilipokiona pale nilikaa chini nikamshukuru Mungu.

Kosa langu la pili lilinigharimu zaidi. Nilikwenda dukani, na sitalitaja duka wala mji wake, nikaomba stopa imara kwa gari la mzigo. Nikapewa pea moja ya plastiki ngumu nyekundu, ndefu kuliko za kiwandani kwa sentimita 4. Muuzaji alizigongesha mezani, zikalia ko, ko, akasema hizi hazifi. Nami nikaamini kwamba kitu kigumu ndicho kinachofaa mzigo mzito. Hakuniuliza nabeba nini wala nafasi kati ya stopa na ekseli ni sentimita ngapi, na mimi sikujua kwamba hayo ndiyo maswali.

Hesabu yake ni rahisi, ningeweza kuifanya kwa futi kamba ya cherehani. Gari langu likiwa tupu, stopa za kiwandani zinaacha nafasi ya sentimita 9 mpaka kwenye ekseli. Likiwa na ile tani ya maji, nafasi inabaki sentimita 2. Sasa ukirefusha stopa kwa sentimita 4, maana yake gari lenye mzigo halina nafasi yoyote: ekseli imeegemea stopa saa zote, springi haichezi, na uzito wote wa nyuma unapita kwenye sehemu mbili ndogo za chasisi. Kama stopa yenyewe haibonyei, ni sawa na kuweka tofali pale. Nilitembea hivyo wiki sita. Barabara yetu ina matuta madogomadogo ya mawimbi wakati wa kiangazi, na kila wimbi lilipanda mpaka kwenye usukani. Mwisho fundi alinionyesha kwa tochi ufa mwembamba kama unywele, umetoa kutu ya rangi ya manjano, kwenye ukingo wa kibati kinachoshika stopa ya kulia. Tukasimamisha gari. Kwa siku kumi na moja wateja wangu walibeba ndoo kichwani.

Siku alipokuja kuchomelea ndipo tulipofanya jambo ambalo nawaomba wote mlifanye kabla ya kutoa fedha. Fundi alikuwa na stopa ya tatu, ya gari la mteja mwingine lililoletewa vifaa kutoka Dar es Salaam. Ni raba nyeusi, ndani ina uwazi, nje imebanwa kiuno mfano wa kibuyu. Akaiweka ile nyekundu kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania vitu, akaanza kukaza mkono wake. Ilisogea milimita chache, kisha mkono ukagoma, na meza ikaanza kulia. Akaitoa, akaweka kibuyu. Mwanzo ulikuwa mlaini kabisa, mkono ulizunguka kama vile hakuna kitu. Kiuno kikaanza kukunjana, na kadiri kilivyokunjana ndivyo mkono ulivyokuwa mzito, polepole, bila kugota ghafla. Kilipofika nusu ya urefu wake bado kilikuwa na nafasi ya kubonyea. Akailegeza jiliwa, kikasimama tena urefu uleule. Nilimwambia arudie. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa natazama kile kiuno.

Yote ninayojua sasa kuhusu kuchagua stopa yalianzia pale kwenye jiliwa. Jambo la kutazama ni namna inavyokubali pigo, ianze laini na iishie ngumu. Rangi na mlio wa mezani havikuambii hilo. Raba nzima isiyo na uwazi haipungui ujazo wake. Ukiibana juu inatanuka ubavuni, kwa hiyo inahitaji nafasi pembeni, na inafika mwisho mapema. Hiyo ndiyo ya kiwandani kwa magari mengi, na kwa gari lisilobeba mzigo mzito kila siku inatosha kabisa. Ipo nyingine ya povu gumu lenye vitundu vidogo visivyoonekana, nyepesi mkononi kama soli ya kandambili. Hii inabonyea mpaka chini ya nusu yake bila kutanuka sana, kwa sababu ndani yake mna hewa. Ipo hiyo ya kibuyu. Na ipo ya mtungi wenye mafuta na gesi, wanayotumia watu wa mashindano ya jangwani, ambayo kwa mchukuzi wa maji ni kupoteza fedha. Ile ya plastiki ngumu isiyobonyea sioni inamfaa nani katika barabara zetu.

Sikukimbilia kibuyu moja kwa moja. Kwanza nilinunua za kiwandani mpya, pea nzima, maana upande mmoja mpya na mwingine mkuukuu havipokei pigo sawasawa. Halafu nikataka kujua kama kweli naigonga stopa au ni woga wangu tu. Fundi alishauri grisi: paka kidogo kwenye ncha ya stopa, nenda safari yako, ukirudi tazama kama imehamia kwenye ekseli. Mimi nikaongeza langu. Asubuhi, gari likiwa na mzigo tayari, nilichukua tonge la ugali wa muhogo uliolala, ule ulioshikamana vizuri, nikalibandika juu ya ekseli likajaza ile nafasi mpaka kwenye stopa, kila upande. Tukapanda kutoka bondeni. Tulipofika nyumbani nilikuta ugali umekamuliwa pembeni, na katikati umebaki ngozi ya kitunguu. Pande zote mbili. Kwa hiyo nilikuwa naipiga stopa mpaka mwisho wake katika safari moja ya kawaida, bila kusikia chochote, kwa sababu raba mpya ilikuwa inanifichia.

Nilichopunguza kwanza kilikuwa mzigo. Niliacha tangi nikachukua mapipa manne ya lita 200 yenye vifuniko, jumla lita 800. Hapa naomba wachukuzi wenzangu wa maji wanisikilize. Ukipunguza maji ndani ya tangi la lita 1000 yakawa 800, hujatibu ugonjwa wote, kwa sababu maji yaliyopata nafasi yanacheza. Gari likiingia shimoni yanakimbilia nyuma, likitoka yanarudi, na kila mara yanakuja na uzito wake wote kwa kishindo. Pipa lililojaa mpaka kifunikoni halichezi. Tena mapipa nimeyasogeza mbele yagusane na kabini, ili uzito usining'inie nyuma ya ekseli.

Nikarudia tonge langu. Safari hii lilibaki unene wa chapati, ila pale kwenye lile kalvati, nilipolijaribu peke yake, lilikwisha tena. Hapo ndipo nilipoagiza vibuyu. Viliniletea shida kidogo ya kukubali, maana nilipovipima vilikuwa vinaacha nafasi ya sentimita 3 tu gari likiwa tupu. Yaani ni virefu kuliko hata zile nyekundu zilizonipasulia kibati! Nilimwuliza fundi kama hatujarudi kulekule. Akanikumbusha jiliwa. Urefu ni hatari kwa kitu kisichobonyea. Kinachobonyea hadi nusu kinautaka urefu, kwa sababu urefu ndio nafasi yake ya kufanyia kazi. Kwa lita 800 ekseli inakigusa kibuyu na kukikunja kidogo, kinasaidia springi kubeba, na likija shimo bado kina tumbo la kulipokea. Likiwa tupu haligusi chochote, na gari linakwenda kama kawaida. Hilo la kutogusa likiwa tupu ni sharti. Stopa inayogusa gari likiwa halina kitu ujue imekosewa.

Bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya zile nyekundu, na ilinibidi nisubiri mzigo uje kwa basi. Mimi sijutii. Lakini nisieleweke vibaya: kama pikapu yako ni ya kwenda shamba na kurudi, na mara mojamoja unabeba mbolea, nunua za kiwandani mpya, funga, maliza. Nawaona vijana wanaofunga vitu vikubwavikubwa chini ya magari yasiyobeba chochote, na gari linawapigisha meno. Fedha hiyo ingenunua tairi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo fundi makini atakuambia na asiye makini atayaacha. La kwanza ni shokapu. Stopa lazima iguse kabla shokapu haijafika mwisho wake wa kujikunja. Mtu akibadilisha shokapu akaweka ndefu, au akaongeza majani ya springi, asipopima, shokapu inageuka kuwa ndiyo stopa. Fimbo yake inapinda, mafuta yanavuja, halafu tunalaumu bidhaa. La pili ni breki. Hilux nyingi za namna yangu zina vali ya breki za nyuma yenye fimbo iliyoungwa kwenye ekseli. Gari likishuka nyuma kwa mzigo, fimbo inaiambia vali iruhusu nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukifunga kitu kinacholizuia gari lisishuke, vali inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinapungukiwa wakati unashuka mlima na mzigo. Fundi wangu aliirekebisha siku ileile, tukajaribu kwenye tambarare, tupu na kisha na mapipa manne, kabla sijathubutu mteremko wa Kitangari. Stopa za mbele sikuzigusa. Zilikuwa nzima, nikazifuta mafuta tu, maana mafuta na dizeli vinaila raba.

Na jambo linaloniuma zaidi ni korosho. Oktoba inakaribia, na magunia yatatoka vijijini kwenda kwenye maghala ya vyama vya msingi, na kutoka huko kwenda maghala makuu ya mnada. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80. Magunia kumi ni kilo 800, na hapo pikapu ya tani moja yenye dereva na msaidizi imekaribia kushiba. Nimeziona kwa macho yangu zimepakia ishirini, yaani kilo 1600, na juu ya magunia wamekaa watu wanne. Nikimwuliza mwenye gari ananijibu kwamba amefunga stopa za nguvu. Ndugu yangu, stopa haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari lako. Chasisi ni ileile, beringi ni zilezile, breki ni zilezile, tairi ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba gari halishuki tena nyuma, kwa hiyo wewe na askari wa barabarani hamuoni tena kwamba limezidiwa. Gari lililoinama linatoa taarifa. Tusilizibe mdomo.

Nawaomba viongozi wa vyama vya msingi wanaokodi pikapu zetu wahesabu magunia kabla gari halijaondoka ghalani, kama wanavyoyahesabu yanapoingia. Nawaomba wenye maduka ya spea wawe na futi kamba mezani na waulize maswali mawili: unabeba kilo ngapi, na nafasi yako ni sentimita ngapi. Na kila tunapokaguliwa magari Wiki ya Nenda kwa Usalama, tunaulizwa taa, kizima moto na pembetatu. Naomba sana mkaguzi ainame pia upande wa nyuma na tochi. Dakika moja inamtosha kuona kama raba ipo, kama imepasuka, au kama pana doa linalong'aa.

Barabara ya kutoka Mtwara kupita Tandahimba na Newala hadi Masasi inaendelea kujengwa kwa lami, nasi tunaishukuru kila kilomita inayoongezeka. Lakini njia za mchepuko, za mashambani na za kushukia mabondeni zitabaki za udongo, na huko ndiko maji na korosho viliko.

Fundi wangu amekubali kuja nyumbani kwangu Jumamosi mbili za mwisho za Septemba, kuanzia saa mbili asubuhi, kabla magari hayajaanza kubeba korosho. Mwenye pikapu yeyote wa Newala na Tandahimba aje na gari lake likiwa na mzigo wake wa kawaida, asije nalo tupu. Mkeka upo, tochi ipo, futi kamba ipo, na jiliwa tutaibeba kutoka gereji. Ile stopa nyekundu nimeihifadhi na kibuyu cha akiba ninacho, kila mtu akaze mkono mwenyewe ajionee. Ugali wa muhogo nitapika mimi.

Wako,
Mchukuzi wa maji,
Newala, Mtwara